Baada ya kinu kuyeyuka: kanuni mpya za usalama wa nyuklia hutoka wapi?

Mwalimu mmoja wa fizikia ameniandikia hivi: "Kila ikitokea ajali kubwa ya nyuklia tunasikia kwamba kanuni zimeimarishwa. Ni nani hasa anayekaa chini kuziandika? Anaanzia wapi, na mbona huchukua miaka mingi? Nilipolieleza hili darasani, mwanafunzi wangu mmoja alinibana kwa swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama walijua la kufanya, kwa nini hawakuandika kabla ya ajali?"

Mwalimu, nianze na swali la mwanafunzi wako, maana hilo likieleweka, mengine yanafuata.

Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, kwenye mtambo wa Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, pampu zinazopeleka maji kwenye mitungi ya kuzalisha mvuke zilisimama. Presha ndani ya kinu ikapanda, vali ya kupunguza presha ikafunguka, na kinu kikajizima chenyewe ndani ya sekunde chache. Mpaka hapo kila kitu kilienda kama kilivyoundwa. Presha iliposhuka, vali ilitakiwa kujifunga. Haikujifunga, ilikwama wazi, na maji ya kupoza kinu, ambacho hata kikizimwa hubaki na joto kali, yakaanza kutoka kupitia hapo.

Sasa tazama meza ya udhibiti. Kulikuwa na taa ndogo ya vali ile. Taa ilizimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru vali. Iliwaeleza kwamba amri ya kufunga imeshatoka, lakini haikuwa na namna ya kuwaeleza kama vali imetii. Wakati huohuo zaidi ya kengele mia moja zilikuwa zinalia, na kipimo ambacho kingewafichua mambo, cha tangi linalopokea maji ya vali ile, kilikuwa nyuma ya paneli, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele hakioni. Kipimo kingine kiliwaonyesha kwamba maji yamejaa kupita kiasi, nao walikuwa wamefundishwa kuogopa hali hiyo kuliko nyingine yoyote, basi wakapunguza pampu za dharura zilizokuwa zimejiwasha zenyewe kuokoa kinu. Vali ilikaa wazi kwa zaidi ya saa mbili. Karibu nusu ya kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, iliyeyuka.

Ninachotaka mwanafunzi wako akijue ni hiki: mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Septemba 1977, vali ya aina hiyohiyo ilikwama wazi kwenye mtambo wa Davis-Besse huko Ohio, uliokuwa na kinu cha kampuni ileile. Waendeshaji wa huko nao walipunguza pampu za dharura kwa kuhadaiwa na kipimo kilekile. Kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu ndogo, na ndani ya dakika kama 20 mtu aligundua na kufunga vali ya pili. Hakuna kilichoharibika sana. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda vinu hivyo aliandika waraka wa ndani mwanzoni mwa 1978 akionya kwamba tukio hilo likitokea kinu kikiwa kwenye nguvu kubwa, kiini kinaweza kuachwa wazi bila maji. Waraka ulizunguka kutoka meza hadi meza. Waendeshaji wa Three Mile Island hawakuupata.

Kwa hiyo jibu ni kwamba walijua. Ila aliyejua hakuwa na mamlaka ya kuamuru, na mwenye mamlaka ya kuamuru hakuwa ameambiwa kwa namna ya kumlazimisha asikilize. Nimesoma taarifa za uchunguzi wa ajali hizi kwa miaka mingi, na kila mara nakutana na waraka kama huo, umelala kwenye faili. Sehemu kubwa ya kanuni mpya baada ya ajali ni onyo la zamani ambalo hatimaye limepewa nguvu ya sheria.

Sasa nije kwako, Mwalimu: nani anaandika, na anaanzia wapi.

Kazi huanza kwa uchunguzi, na kwa kawaida unakuwa zaidi ya mmoja. Mdhibiti, yaani mamlaka inayotoa leseni na kukagua mitambo, huchunguza kwa upande wake. Mwenye mtambo naye huchunguza. Serikali au bunge huunda tume huru, na hiyo huru ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi mdhibiti mwenyewe ni sehemu ya ajali. Baada ya Three Mile Island, Rais Carter aliunda tume chini ya John Kemeny, mwanahisabati aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Dartmouth. Tume ile ilitoa ripoti yake Oktoba 1979, miezi saba tu baada ya ajali, na haikuishia kwenye vali na taa. Ilisema wazi kwamba lazima yabadilike mambo ya msingi: mpangilio wa kazi, taratibu na mitazamo, na zaidi ya yote ndani ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia yenyewe, yaani mdhibiti wa Marekani. Ilieleza jinsi watu walivyokuwa wamejishawishi kwamba mitambo ni salama ya kutosha, wakaelekeza macho yote kwenye ajali kubwa za kufikirika, kama bomba kuu kukatika ghafla, na kuyaacha matukio madogo yanayoanza polepole na kumtegemea binadamu ayatambue.

Hapo ndipo mkondo wa kanuni ulipobadilika. Vyumba vya udhibiti vikaanza kupangwa kwa kumfikiria anayevitumia. Taratibu za dharura zilizokuwa zikimtaka mwendeshaji ajue kwanza ni ajali gani imempata ziliandikwa upya, ili afuate dalili anazoziona: maji yako wapi, joto likoje, presha ikoje. Ni kama daktari wa zamu anayemhudumia mgonjwa apate pumzi kabla hajajua jina la ugonjwa. Mafunzo kwenye vyumba bandia vya udhibiti yakawa ya lazima. Mipango ya kuhamisha watu iliwekwa kwenye kanuni mwaka 1980, na eneo la maili 10 kuzunguka mtambo likatambuliwa kwa ajili hiyo. Nao wenye mitambo wakaunda taasisi yao ya kukaguana, mwishoni mwa 1979, kwa sababu walielewa kwamba kinu cha mwenzako kikiyeyuka, biashara yako wewe pia imeyeyuka.

Kabla sijaendelea, nikufafanulie neno "kanuni", maana watu hulitumia kwa vitu vinne tofauti. Juu kabisa iko sheria inayopitishwa na bunge. Hiyo huunda mdhibiti na kumpa meno. Chini yake ziko kanuni zenyewe, anazoziandika mdhibiti na ambazo zina nguvu ya sheria. Kisha kuna amri na masharti ya leseni, yanayomlenga mwenye mtambo moja kwa moja. Chini kabisa kuna miongozo: vitabu vinene vinavyoeleza namna ya kutimiza kanuni. Miongozo hiyo mara nyingi huandikwa na wenye mitambo, kisha mdhibiti akaisoma, akaisahihisha na kuikubali. Watu wengi hushtuka wakisikia hivyo. Mimi sioni ubaya wake mradi mdhibiti ana wataalamu wa kutosha kuisoma ukurasa kwa ukurasa na ujasiri wa kuikataa. Akikosa kimojawapo, anayekaguliwa ndiye anajikagua.

Tofauti kati ya amri na kanuni ndiyo inayojibu swali lako la miaka. Tuchukue Fukushima. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliikata laini ya umeme ya mtambo wa Fukushima Daiichi, Japani, na chini ya saa moja baadaye mawimbi ya tsunami yakaingia. Majengo ya vinu vya kwanza hadi cha nne yalikuwa mita 10 juu ya usawa wa bahari. Maji yalifika mita 14 hadi 15. Jenereta nyingi za dharura na mbao za kusambazia umeme zilikuwa vyumba vya chini. Vikafurika. Usiku ule wafanyakazi walichomoa betri kwenye magari yao, wakaziunganisha na vipimo kwenye chumba cha udhibiti chenye giza, wapate tu kusoma maji yako kiasi gani ndani ya kinu. Viini vitatu viliyeyuka.

Marekani haikusubiri. Mdhibiti wake aliteua kikosi kazi cha wataalamu 6 na kuwapa siku 90. Julai 2011 walirudi na mapendekezo 12. Tarehe 12 Machi 2012, mwaka mmoja na siku moja baada ya ajali, amri tatu zilitolewa. Amri inaruhusu mdhibiti kusema "fanya" bila kupitia mlolongo mzima wa kutunga kanuni. Lakini amri humbana aliyeandikiwa tu. Mtambo utakaojengwa miaka 20 ijayo hauimo. Ili jambo liwe la kudumu na la wote lazima liingie kwenye kanuni, na huko njia ni ndefu: uchambuzi wa kiufundi, rasimu, hesabu ya gharama na faida, tangazo kwenye gazeti la serikali, maoni ya umma, kuyajibu maoni hayo kwa maandishi, kisha kura ya makamishna. Kanuni iliyotokana na amri hizo ilianza kutumika Septemba 2019. Ni miaka minane na nusu tangu wimbi liingie.

Je, ni uzembe? Kwa sehemu, ndiyo. Ila nikuketishe kidogo kwenye kikao cha kuandika rasimu uone kazi ilivyo. Tuseme mtu anaanza na sentensi rahisi: "Kila mtambo uwe na pampu za dharura za kubebeka." Inaonekana nzuri. Mhandisi wa mafuriko anauliza: zitakaa wapi? Zikikaa jirani na zile zilizozama, zitazama pamoja nazo. Mwingine anauliza: kwa kinu kimoja au kwa vinu vyote vya eneo hilo? Fukushima vitatu viliyeyuka kwa pamoja, na mlipuko wa hidrojeni kwenye kinu cha kwanza ukaharibu nyaya zilizokuwa zimetandazwa kupeleka umeme kinu cha pili. Mkaguzi anauliza: nitajuaje kwamba pampu inawaka, isije ikawa imekaa kwenye banda miaka kumi na tairi zimepasuka? Mwanasheria anauliza "dharura" ni nini. Na mwenye mtambo anauliza, naye ana haki ya kuuliza: mwisho wake ni wapi? Nijiandae kwa wimbi la mita ngapi?

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na jibu walilolipata ni zuri. Amri ya 2012 haikutaja ukubwa wa wimbi. Iliacha chanzo kando, ikashika matokeo: chukulia kwamba umeme wote wa kawaida umepotea na huna njia ya kupeleka joto baharini au mtoni, onyesha utakavyopoza kiini, utakavyolinda ganda la kinga (jengo imara linalozunguka kinu ili mionzi isitoke nje) na utakavyopoza bwawa la fueli iliyotumika, kwenye vinu vyote kwa wakati mmoja. Kwanza kwa vifaa vilivyofungwa mtamboni, halafu kwa vifaa vya kubebeka vilivyohifadhiwa eneo hilohilo, halafu kwa msaada kutoka nje bila kikomo cha muda. Kutokana na hapo wenye mitambo walianzisha ghala mbili za pamoja, Memphis na Phoenix, zenye pampu na jenereta zinazoweza kufikishwa kwenye mtambo wowote nchini ndani ya saa 24, na viungio vya mipira vikasawazishwa ili pampu ya huku iingie kwenye bomba la kule.

Amri nyingine kati ya zile tatu naipenda kwa namna ya pekee, kwa sababu haikutokana na kitu kilichovunjika. Siku chache baada ya tsunami watu walihofu kwamba bwawa la fueli la kinu cha nne limekauka. Mwenyekiti wa mdhibiti wa Marekani alilieleza Bunge la nchi yake kwamba bwawa lile halina maji. Baadaye ikabainika maji yalikuwamo. Viongozi wa nchi mbili walikuwa wanafanya maamuzi mazito, vinu vitatu vikiwa vimeyeyuka, kwa kukosa kipimo kimoja cha kimo cha maji. Amri ikaagiza: kila bwawa liwe na kipimo cha kuaminika kinachofanya kazi hata umeme ukikatika. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na mtambo.

Sasa gharama, maana hapa ndipo mapambano ya kweli yalipo, na hayafanyiki mbele ya kamera. Sheria za Marekani zinambana mdhibiti asimwongezee mwenye leseni mzigo mpya ovyo. Akisema jambo ni la lazima ili ulinzi wa umma uwe wa kutosha, gharama haihesabiwi. Akisema ni nyongeza tu ya usalama, basi lazima aonyeshe kwamba nyongeza ni kubwa na inastahili fedha zitakazotumika. Kwa hiyo neno "kutosha" limebeba mabilioni. Wataalamu wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia walipendekeza mwishoni mwa 2012 kwamba mitambo inayofanana na ya Fukushima iwekewe machujio kwenye mabomba ya kupunguzia presha ya ganda la kinga, ili mvuke ukilazimika kuachiwa uache nyuma sehemu kubwa ya vumbi lenye mionzi. Makamishna mwaka 2013 waliamuru mabomba imara lakini machujio wakayasogeza kwenye mchakato wa kanuni, na mwaka 2015 mchakato huo ukafungwa bila machujio. Hesabu ya faida na gharama haikutosha. Sweden, kwa upande wake, iliagiza machujio ya namna hiyo kutokana na Three Mile Island, na yakawa yamefungwa kwenye mitambo yake yote kabla ya miaka ya themanini kwisha. Ajali ni zilezile na fizikia ni ileile. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa: Sweden waliuliza ardhi ichafuke kiasi gani, Marekani waliuliza uwezekano ukizidishwa kwa hasara unatoa shilingi ngapi. Mimi ningefunga machujio. Ukizidisha uwezekano mdogo sana kwa hasara kubwa sana unapata namba ya wastani isiyofanana na maisha ya yeyote, wala ya aliyehama kwao moja kwa moja wala ya aliyebaki.

Hata ile kanuni ya 2019 ilipunguzwa dakika za mwisho. Rasimu ilitaka mitambo ijiandae kwa mafuriko na matetemeko kama yalivyokokotolewa upya baada ya Fukushima. Makamishna watatu dhidi ya wawili waliliondoa hilo kwenye kanuni Januari 2019, likabaki kushughulikiwa mtambo kwa mtambo.

Japani ilienda njia nyingine kabisa. Kabla ya 2011, shirika la udhibiti lilikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa inaitangaza nishati ya nyuklia. Mwongozo wa usalama wa 1990 ulisema hakuna haja ya kufikiria kukatika kwa umeme wote kwa muda mrefu, kwa kuwa laini za umeme zingetengenezwa upesi au jenereta zingewaka. Hatua za kukabili ajali kali ziliachwa kwa hiari ya makampuni. Na hapa pia kuna karatasi yangu ya huzuni: mwaka 2008 kampuni iliyomiliki mtambo ilikokotoa kwamba wimbi la mita 15.7 linawezekana. Hesabu ile iliwasilishwa kwa mdhibiti tarehe 7 Machi 2011. Zilibaki siku nne.

Tume huru ya Bunge la Japani, chini ya Dakta Kiyoshi Kurokawa, iliita ajali hiyo, Julai 2012, janga lililosababishwa na wanadamu, na ikaeleza jinsi mdhibiti alivyokuwa ametekwa na wale anaowadhibiti. Kwa hiyo huko walianza kwa kuivunja nyumba. Septemba 2012 ikaundwa mamlaka mpya iliyotengwa na wizara ya viwanda. Viwango vipya vikaanza kutumika Julai 2013, miezi kumi baadaye. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu karibu vinu vyote vilikuwa vimezimwa, na mwenye kinu kilichozimwa ndiye anayekuwa na haraka. Sheria mpya pia iliruhusu viwango vya leo kuibana mitambo ya jana: ulipewa leseni miaka ya themanini, sawa, lakini utakaguliwa kwa kanuni ya sasa. Makampuni yalipewa miaka mitano kujenga jengo la ziada la kuendeshea kinu likitokea shambulio. Kampuni zilipoona zinachelewa ziliomba kuongezewa muda, zikakataliwa, na Machi 2020 kinu cha kwanza cha Sendai, ambacho hakikuwa na hitilafu yoyote, kilizimwa kwa sababu jengo halijaisha. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilikataa kinu cha pili cha Tsuruga kwa sababu haikuthibitika kwamba hakuna ufa hai wa ardhi chini yake. Ukiniuliza dalili moja ya kanuni iliyo hai, nitakupa hiyo: ina tarehe, na tarehe ikipita kitu kinazimwa.

Chernobyl nimeiacha kwa makusudi, maana inafundisha jambo jingine: uchunguzi wa kwanza unaweza kukosea. Kinu cha nne cha mtambo huo wa Ukraine, wakati ule sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Agosti mwaka huohuo wataalamu wa Kisovieti walieleza mkasa wao Vienna, na kundi la washauri wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likaandika ripoti iliyowabebesha waendeshaji sehemu kubwa ya lawama. Mwaka 1992 kundi lilelile likaandika upya. Taarifa mpya zilionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa kwenye muundo: fimbo za kuzimia kinu zilikuwa na sehemu ya grafiti chini yake, na zikiingizwa kutoka juu kabisa, katika hali fulani, huanza kwa kuongeza nguvu upande wa chini kabla ya kuipunguza. Aliyebonyeza kitufe cha kuzima alibonyeza kitu kilichochochea. Na kasoro hiyo ilikuwa imeonekana mwaka 1983 wakati wa majaribio ya kinu cha Ignalina, Lithuania. Unaona, Mwalimu, tunarudi palepale. Wahandisi wa Kisovieti kwa bahati hawakusubiri ripoti ya pili. Vinu vya aina hiyo vilirekebishwa fimbo, vikaongezewa vifyonza nyutroni na urani iliyorutubishwa zaidi, na uzimaji ukafanywa wa haraka. Lakini dunia iliyosoma ripoti ya kwanza pekee ilijifunza kuhusu nidhamu, ikakosa kujifunza kuhusu muundo.

Kimataifa, Chernobyl ilizaa mikataba miwili ndani ya miezi mitano: wa kutoa taarifa mapema na wa kusaidiana. Huo ni mwendo wa ajabu kwa mataifa. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wenyewe ulichukua mpaka 1994, nao hauna polisi wala adhabu. Nchi huandika ripoti na wenzake huisoma na kuuliza maswali. Baada ya Fukushima, Uswisi ilijaribu kuingiza sharti kali zaidi ndani ya mkataba huo. Haikupata maafikiano, na mwaka 2015 likapitishwa azimio badala yake. Viwango vya Shirika la Kimataifa nazo ni hati nzuri sana, nazitumia kila wiki, lakini huwa sheria pale tu nchi inapoamua kuziingiza kwenye kanuni zake.

Uliuliza pia, kwa chini chini, kama haya yote yanasaidia au ni kuwatuliza watu. Yanasaidia. Mwendeshaji wa leo ana vipimo, mafunzo na vifaa ambavyo wenzake wa 1979 hawakuwa navyo. Kinachonikosesha usingizi ni tabia ya kujilinda dhidi ya ajali iliyopita na kuiona ya jirani kuwa haituhusu. Desemba 1999 dhoruba ilisukuma maji juu ya tuta la mtambo wa Blayais, Ufaransa, yakaingia vyumba vya chini vyenye pampu za usalama. Wafaransa walipitia upya ulinzi wao wa mafuriko. Kwingineko lilisomwa kama jambo la Wafaransa. Ilikuwa miaka 11 kabla ya Fukushima: maji, vyumba vya chini, vifaa vya usalama.

Kwa darasa lako, nakupendekezea zoezi. Chora ubaoni vali, waya wa amri na taa, kama vilivyokuwa Three Mile Island. Waambie wanafunzi waandike sentensi moja ya kanuni itakayozuia kosa lile lisirudi. Kisha kila mmoja abadilishane na jirani yake, na jirani aisome kama mwenye mtambo anayetaka kutumia fedha kidogo iwezekanavyo, atafute mwanya. Wengi wataandika "taa ionyeshe kama vali imefungwa", na jirani atasema ile ya zamani nayo ilidaiwa kuonyesha hivyo. Baada ya mizunguko miwili mitatu, wasomee sharti walilolitoa wadhibiti mwaka 1979, kwa maneno yangu: chumba cha udhibiti kiwe na ishara ya moja kwa moja ya vali, inayotokana na kifaa cha kuaminika kinachotambua mkao wa vali yenyewe, au na kipimo cha kuaminika cha mtiririko ndani ya bomba linalotoka kwenye vali hiyo. Waulize kwa nini ile "au" iliwekwa, na kama wao wangeiacha.